Utepe Mlangoni pa Chumba cha Chanjo

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi mwenyewe, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo na kimefutwa vumbi, Mkurugenzi wa hospitali yetu, Mwenyekiti wa Kamati ya Uzinduzi pamoja na wajumbe wako wote, madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara, mshereheshaji wetu mwenye sauti nzito, kina mama wa usafi na kina baba wa getini, wagonjwa wenzangu, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana, hamjambo?

Mbona mnaitikia kinyonge? Nasema, hamjambo? Haya, hapo sawa.

Mshereheshaji ameninong'oneza kwamba itifaki imeshazingatiwa, niingie moja kwa moja kwenye shukrani, tena kwa ufupi, maana chakula kimeshafika na kinapoa. Namshukuru kwa kunikumbusha. Lakini itifaki, jamani, mimi siwezi kuiruka. Itifaki ndiyo iliyotuketisha hapa tangu asubuhi, itifaki ndiyo iliyotuketisha hapa mara mbili kabla ya leo tukarudi nyumbani kama tulivyokuja, na mimi ni nani, fundi cherehani wa nyuma ya soko, hata niifanyie haraka? Tumesikia sote dakika chache zilizopita kwamba utepe wa chumba kipya cha chanjo hautakatwa leo, utamsubiri Mgeni Rasmi mwenyewe. Tunajua pia, angalau sisi wagonjwa tunajua, kwamba Mwalimu, mgonjwa mwenzetu aliyekuwa adungwe chanjo yake leo mbele yenu, leo ndiyo siku yake ya mwisho ya kudungwa. Mambo hayo mawili nitayafikia. Kwanza nijitambulishe.

Mimi ni fundi wa nguo, na ni mgonjwa wa hospitali hii. Nina saratani ya utumbo mpana, au niseme nilikuwa nayo, sijui niseme vipi. Walikikata kipande kibovu wakakitoa, wakaunganisha huku na huku kwa uzi, na nilipozinduka nikamwuliza daktari wa upasuaji ametumia mshono gani. Nadhani alifikiri ni dawa ya usingizi inayoongea. Kamati imeona ninafaa kutoa neno hili kwa niaba ya wagonjwa kwa sababu, nilisikia kwa masikio yangu, "mama yule anaongea vizuri na hana makuu." Basi nitajitahidi yote mawili.

Wageni wengi hapa mmealikwa kwenye uzinduzi bila kuambiwa kinazinduliwa nini. Hotuba ya Mgeni Rasmi tuliyosomewa imetaja "teknolojia ya kisasa" tena na tena, ikataja na "hatua kubwa," lakini hatua yenyewe inakwenda wapi haikusema. Niruhusuni niwaeleze mimi, kwa lugha ya cherehani, kama daktari wetu wa saratani alivyonieleza.

Kemo, ndugu zangu, ni nguo ya dukani. Imeshonwa kwa ajili ya kila mtu, inabana hapa, inapwaya pale, lakini inasitiri. Dawa inaingia kwenye mshipa, inaua seli za saratani zilizobaki zimejificha mwilini, na inaua na nyingine ambazo hazikumkosea mtu. Mimi imenila vidole. Ncha zote zimekufa ganzi, najidunga sindano nikiwa kazini nisijue mpaka nione damu kwenye kitambaa cha mteja. Maji ya baridi siyagusi, yananichoma kama moto. Lakini nimeivaa, na ninaendelea kuivaa, kwa sababu uchi ni mbaya zaidi.

Chanjo hii ni nguo ya kupimiwa. Wanachukua kipande cha uvimbe uliotolewa tumboni mwako na damu yako kidogo, wanavipeleka kwenye maabara ya mbali. Huko wanatazama saratani yako imetofautiana wapi na mwili wako wewe, wanachagua zile tofauti, na kwa hizo wanatengeneza chanjo. Ukidungwa, askari wa mwili wanafundishwa sura ya mwizi: mkimwona mwenye alama hii popote alipojificha, ndiye huyo, msimwachie. Kemo inampunguza adui, chanjo inawatuma askari wakamsake aliyebaki. Na chanjo yako ni yako peke yako. Hata dada yako wa tumbo moja haimfai, kwa sababu saratani yake, Mungu amwepushe, ingekuwa na sura nyingine kabisa.

Je, inaponya? Naona mama mmoja pale nyuma ameniuliza kwa macho. Swali hilo tulimwuliza daktari wetu wa saratani mpaka tukampa jina, tunamwita Daktari Tutaona. Ukimwuliza, daktari, nitapona? Anasema, "Tutaona." Itarudi? "Tutaona." Mwanzoni sikumpenda hata kidogo. Mjini humu kila mwenye bango ukutani anauza uhakika, dawa moja inatibu saratani, inarudisha mume na inafaulisha mitihani, halafu huyu aliyesoma mpaka nywele zikamwisha anauza tutaona! Siku moja nikamwambia hivyo hivyo. Akaweka kalamu chini, akanieleza kwamba huu bado ni utafiti, kwamba kuna matumaini lakini matumaini si majibu, na kwamba hawezi kuniahidi kitu ambacho hana. Nilimpenda tangu siku ile.

Nikamwuliza chanjo yangu itakuwa tayari lini. Akataja wiki. Loo! Nilicheka mpaka mshono wa tumbo ukaniuma. Nikamwambia, "Daktari, mimi ni fundi. Mimi ndiye ninayewaambia watu waje Ijumaa, na Ijumaa wakija nawaambia vimebaki vifungo tu. Usinichezee mchezo wangu mwenyewe."

"Mama," akasema, "hawa wakisema siku, ni siku hiyo."

Na kweli. Nawashukuru hadharani mafundi wale wa mbali ambao hawanijui wala sitawajua. Vichupa vyangu vilifika siku waliyosema, vimegandishwa, vimepangwa vizuri, na jina langu limeandikwa juu yake. Vikaingizwa kwenye friza ya chumba kile mnachokiona pale, na mlango ukafungwa.

Sasa nimefika kwenye shukrani zenyewe. Mkurugenzi, nakushukuru wewe kwanza. Chumba ni kizuri, haki ya Mungu. Kina kiti kinacholala, kina kiyoyozi, kina dirisha la kutazama bustani, na ukutani pana kibao cha marumaru ambacho sisi wagonjwa hatujakisoma kwa sababu kina pazia. Na kwa kuwa ni kizuri hivyo, hospitali ikaamua kisitumike mpaka kizinduliwe. Nani atalaumu? Ndivyo tulivyozoea. Bomba la maji likimalizika kujengwa linamsubiri mtu wa kulifungua, na watu wanasimama na ndoo wakilitazama, tena wamevaa nguo zao nzuri.

Kamati ya Uzinduzi, nawashukuru kwa kunikumbuka katika ajira. Ninyi ndio mlionipa kazi ya kushona pazia la kibao na utepe wa mlangoni. Najua mlivyohangaika na rangi. Samawati ikakataliwa kwa sababu inafanana na mashuka ya wodini. Nyekundu ikakataliwa kwa sababu kuna mjumbe, simtaji, huwa anazimia akiona damu. Mkakubaliana dhahabu baada ya vikao ambavyo mimi nilivingoja nje na futi yangu ya kupimia shingoni. Nikaushona utepe ule kwa satini, nikapinda kingo zake zote, kwa vidole hivi visivyosikia. Nikawaletea Ijumaa mliyoitaka, jambo ambalo, wateja wangu mlioko hapa ni mashahidi, halijawahi kutokea. Mkaufunga mlangoni jioni hiyo hiyo. Ndani ya mlango vichupa vyangu, nje ya mlango mimi, na katikati kazi ya mikono yangu.

Siku ya kwanza ya uzinduzi Mgeni Rasmi alikuwa amesafiri. Tulielewa, mtu mkubwa husafiri. Siku ya pili alikuwapo mjini, lakini asubuhi ikagundulika kwamba kwenye kibao Mkurugenzi amechongwa juu na Mgeni Rasmi chini yake. Aibu iliyoje! Fundi wa marumaru akaitwa mbio, sherehe ikaahirishwa mpaka kichongwe kingine. Na kati ya siku ile ya pili na leo, nafasi yangu ikapita.

Niwaeleze wageni maana yake. Chanjo hii haidungwi siku yoyote utakayojisikia. Inawekwa katikati ya mzunguko mmoja wa kemo na mwingine, askari wa mwili wakiwa wamepata nguvu kidogo, na utafiti una masharti yake: nafasi ikikupita, umetoka. Ilipobaki siku moja tu nafasi yangu ipite, Daktari Tutaona aliingia ofisini kwa Mkurugenzi. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nje, na mlango ule, Mkurugenzi, haufungi vizuri, mwiteni seremala.

"Mgonjwa wangu hawezi kusubiri," Daktari alisema.

"Daktari, chumba hakijafunguliwa. Ukimdunga mtu kwenye chumba ambacho hakijafunguliwa, Mgeni Rasmi akija atafungua nini?"

"Basi nimdungie wodini."

"Chanjo si iko ndani ya chumba?"

"Nitaingia niitoe."

"Utapitaje? Pana utepe."

Ndugu wageni waalikwa, mnacheka. Mimi pia nilitaka kucheka. Daktari alitoka, akakaa karibu yangu pale kwenye benchi, akatazama viatu vyake. Nikamwuliza, sasa inakuwaje? Nilimngoja aseme tutaona. Akasema, "Mama, nimeshindwa."

Nililia. Sitawaficha, nililia kwa sauti, watu wa foleni ya maabara wakageuka, na nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa uchungu. Sisemi chanjo ile ingeniponya. Nitakuwa mwongo, na Daktari mwenyewe atanikana. Labda kemo peke yake itatosha, labda hakuna kitakachotosha. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na jambo la kuona, na sasa kwangu mimi hatutaliona kamwe. Na kilichonizuia nilikipiga pasi mwenyewe.

Sasa Mwalimu. Mwalimu anafundisha hesabu, ana watoto wawili ambao bado wanagombania nani alale karibu na mama, na kwenye kemo kiti chake kiko ubavuni mwa changu. Tumetapika pamoja, tumesengenya pamoja, na amenifundisha kukata kitambaa nisibakize vipande, jambo lililoniudhi kwa sababu vile vipande nilikuwa naviuza, ndiyo mboga ya nyumbani kwangu. Nilipotolewa kwenye utafiti, Kamati ilimteua yeye awe mgonjwa wa kwanza wa kupigwa picha. Nikamshonea gauni lile la kijani, nikaliwekea vifungo kwenye mkono kuanzia kwenye kiwiko mpaka begani, ili sindano ipite bila kumvua mtu heshima yake mbele ya wageni. Kesho asubuhi anaanza mzunguko mwingine wa kemo. Kwa hiyo nafasi yake ni leo, na leo ikiisha, yeye naye ametoka.

Mheshimiwa Mwakilishi, wewe hukuyajua haya, na kwa hiyo sikulaumu. Ulisimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa ukasema umetumwa kusoma, hukutumwa kukata. Ukasema utepe utamsubiri bosi wako, atakapopata nafasi. Watu wote wakapiga makofi. Mimi nami nikapiga, mikono imezoea. Mwalimu hakupiga. Alinigeukia, akaniuliza, "Dada, ndiyo basi?"

Nikamwambia, "Subiri kwanza."

Mkurugenzi, naona unageuza shingo unakitafuta kiti cha Mwalimu. Ndiyo, kiko wazi. Na cha Daktari kiko wazi, na cha Nesi Mkuu pia. Hapana, hapana, usinyanyuke, tafadhali, bado nakushukuru wewe! Mtu akinyanyuka huku anashukuriwa mbele ya Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, watu watasemaje? Kaa, baba. Hivyo. Nakushukuru kwa dirisha, nakushukuru kwa bustani, nakushukuru kwa kiti kinacholala, ambacho nadhani sasa hivi kimelalwa.

Chumba kile kina mlango wa nyuma. Kina mama wa usafi wanaupita kila asubuhi kwenda kufuta vumbi, ili siku ya uzinduzi kisionekane kimekaa. Utepe uko mlango wa mbele tu, Kamati iliniagiza wa mlango mmoja. Siku yangu mimi Daktari alikwenda kuomba ruhusa. Leo hakuomba. Ulipokuwa unamalizia hotuba, Mheshimiwa, alimgusa Nesi Mkuu bega, Nesi akamshika Mwalimu mkono, wakatoka kama watu wanaokwenda msalani, na kwa ugonjwa wetu huu wa utumbo hakuna anayeuliza. Tatizo lilikuwa moja. Kichupa kikitoka kwenye friza hakichemshwi kama maji ya chai, kinaachwa kiyeyuke chenyewe, taratibu. Nesi alinipitia akaniinamia sikioni: kinahitaji muda wa neno moja la shukrani, "ila uongee kama unavyoongea dukani kwako."

Mwenyekiti wa Kamati, nawe kaa, zamu yako ndiyo hii. Nakushukuru kwa mahema haya, hayavuji. Nakushukuru kwa viti vilivyovalishwa, ingawa vitambaa vyake vimeshonwa na mtu asiyejua kazi, pindo zinafumuka, mkitoka hapa niwapeni bei yangu. Nakishukuru kipaza sauti, ambacho nilitarajia kizimwe muda si mrefu uliopita, na namshukuru kijana wa mitambo kwa kuiangalia simu yake. Nawashukuru wapishi kwa chakula kinachopoa. Wajumbe, mmoja mmoja, nawashukuru: mjumbe wa mapambo, mjumbe wa usafiri, mjumbe wa maji ya chupa, na wewe baba wa damu, nakushukuru, usitazame upande ule.

Mheshimiwa Mwakilishi, umecheka. Umejificha na kitambaa, lakini nimekuona. Nikuombe jambo moja kwa heshima zote. Ukirudi, mwambie bosi wako utepe wake uko salama salimini, hakuna aliyeugusa, unang'aa vile vile. Mkasi uko kwenye sinia. Siku atakayopata nafasi atakuja, atakata, tutapiga makofi, na chumba kitakuwa kimezinduliwa kihalali kabisa. Hakuna heshima ya mtu iliyopungua leo. Na Mkurugenzi, kama Jumatatu kuna wa kuitwa ofisini, usimwite Daktari, usimwite Nesi. Niite mimi. Mimi nimeshatolewa kwenye utafiti, huna tena pa kunitoa.

Ngojeni kidogo.

Mlango wa pembeni wa jengo umefunguliwa. Ni Nesi Mkuu. Amejishika mkono karibu na bega, hivi, na anatikisa kichwa kuniitikia. Jamani, imeingia! Imeingia, Mwalimu ameshadungwa! Pigeni makofi basi, mbona utepe mliupigia?

Asanteni. Niacheni nipumue.

Sijui kama itamponya. Mkimwona Daktari msimsumbue, atawajibu lile lile lake. Watoto wawili wataendelea kugombania nafasi ya kulala, na sisi tutahesabu miezi, tutapimwa, tutangoja. Ndivyo inavyotakiwa kuwa, ugonjwa umngoje mtu au mtu aungoje ugonjwa, si wote wawili wamngoje mgeni.

Neno la mwisho, Kamati. Siku ya picha msihangaike kutafuta kichupa cha kushika mkononi. Vya kwangu bado vimo mle ndani, kwenye friza, na jina limeandikwa vizuri, litasomeka. Mpeni Mgeni Rasmi kimoja akishike, atabasamu, mpige picha mnavyotaka. Hakuna mtu mwingine hapa duniani ambaye kinamfaa.

Mheshimiwa Mwakilishi, Mkurugenzi, Kamati, ndugu wageni waalikwa: nawashukuru wote kwa kukaa vitini.